Maombi ya Mkono wa Kushoto

Asubuhi ya kwanza ya likizo yangu nilimwaga uji kwenye kola ya blauzi, na mama yangu, aliyekuwa ameketi ng'ambo ya mkeka akichambua maharage, alijifanya hakuona. Kijiko kilikuwa katika mkono wa kushoto. Kilitoka kwenye bakuli kimejaa, kikapita karibu na kidevu, kikaenda kulisalimia sikio, kikarudi kitupu. Mimi ni daktari bingwa wa upasuaji. Nimefungua matumbo ya watu nikayafunga, na watu hao wakarudi kulima. Lakini asubuhi ile, huko Murungu, Kibondo, nilishindwa kujinywesha uji, na nilicheka mpaka nikamwaga na ule uliobaki.

Haya yote yalianzia Dar es Salaam. Nilikuwa huko katika mafunzo ya ubingwa bobezi, ya kupasua saratani za njia ya mkojo: figo, kibofu, korodani, na zaidi ya zote tezi dume. Kabla ya hapo nilifanya kazi Kasulu miaka kadhaa, na wazee walinifikia wakiwa wamechelewa. Mwanamume wa kwetu atakusimulia habari za mbuzi wake kutwa nzima, lakini habari za mkojo wake hamwambii hata mkewe. Niliwawekea mpira wa mkojo, nikawaandikia rufaa ya kwenda mbali, na wengi wao hawakwenda. Nilikasirika sana miaka ile. Niliwakasirikia wao, nikaikasirikia barabara, nikaikasirikia kalamu yangu. Nilipopata nafasi ya masomo niliruka juu ya kitanda peke yangu nyumbani mpaka chaga moja ikavunjika.

Upasuaji tuliokuwa tukifundishwa ni ule wa matundu madogo. Humpasui mtu tumbo zima. Unapitisha vyuma virefu na kamera kwenye vitundu, na unafanya kazi macho yakiwa kwenye televisheni. Ukishaitoa tezi dume, linabaki pengo kati ya kibofu na mrija wa mkojo, na lazima uviunganishe kwa uzi, ukizunguka duara zima. Nusu ya duara inashoneka vizuri kwa mkono wa kulia. Nusu nyingine inautaka wa kushoto, upende usipende, kwa sababu vyuma vimeshapita kwenye matundu na huwezi kuhamia upande wa pili wa kitanda kama fundi cherehani. Ukishona ovyo, mkojo unavuja tumboni.

Mwalimu wetu alikuwa mzee wa pwani, sauti laini na maneno ya pilipili. Siku moja alisimama nyuma yangu nikifanya mazoezi, akatazama kwa muda mrefu.

"Daktari," akasema, "mkono wako wa kulia ningeuposa leo hii. Huu wa kushoto umeuazima kwa nani?"

Wenzangu walicheka, nami nikacheka kwa sauti kuliko wao ili nisilie. Nilipokwenda kumuaga kwa likizo, akaniambia masharti. "Ukirudi nitakupa kibofu cha mbuzi na uzi. Ukikishona kisivuje, utasimama upande wa mpasuaji. Kikivuja, utashika kamera mpaka umalize mafunzo. Mimi sina kinyongo, binti yangu, lakini wagonjwa ni wa watu."

Anayeshika kamera huona kila kitu na hashoni kitu. Ningerudi Kasulu na cheti kizuri cha kutundika ukutani, nikaketi chini yake kuandika rufaa zilezile.

Nilikwenda nyumbani kwa treni hadi Kigoma, kisha basi. Nilishuka Kasulu kuwasalimia niliowahi kufanya nao kazi, na kwenye geti la hospitali nikamkuta mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa chuo cha ualimu, ambaye nilimwekea mpira mwenyewe zamani. Alikuwa amevaa koti refu kwenye jua lile ili kuficha mfuko wa mkojo. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanishika mkono asiuachie.

"Dokta, umerudi na mikono au umerudi na karatasi?"

"Na mkono mmoja, mzee wangu," nikamwambia. "Mwingine bado uko njiani."

Alicheka mpaka akashikilia geti. Mimi nilipanda basi la Kibondo nikiwa nimeamua. Likizo nzima mkono wa kulia usingefanya kazi yoyote. Ungefungwa.

Tatizo ni kwamba mtu hawezi kujifunga mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto usiojua kitu. Nilijaribu kwa mtandio, nikajinyonga kidogo, nikamwita mama.

"Mama, nifunge mkono."

"Upi?"

"Wa kulia."

"Upi?" akauliza tena, na nikaona amenisikia vizuri mara ya kwanza.

Akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu kuliko kutafuta kitambaa kunavyohitaji. Alitoka na ukanda wa kitenge. Akaukunja, akauzungusha kwenye kifundo cha mkono wangu, akaupitisha kiunoni, akakaza. Vidole vyake vilikwenda haraka, bila kutafuta. Vilikuwa vinaijua kazi.

Nilizaliwa natumia mkono wa kushoto. Mama aligundua nilipoanza kumega tonge, na tangu hapo kila wakati wa kula alinifunga mkono ule kiunoni kwa ukanda wa kitenge, fundo hilihili. Hakunipiga hata siku moja. Alinifunga, akanipuliza usoni nisilie, akasema, "Huu si wa kuwapa watu kitu, mwana wanje," yaani mwanangu. Kwetu kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kumtukana. Na sisi hatukuwa na nafasi ya kumtukana mtu. Bibi yangu alivuka mpaka kutoka Burundi na mama akiwa mgongoni, na uraia ulikuja miaka mingi baadaye. Wakati nakua, watu bado walitutazama tunavyotamka maneno na tunavyolima mipaka yetu. Nilipoanza shule nilikuwa wa kulia kama wenzangu, na jambo hilo halikuzungumzwa tena nyumbani kwetu.

"Kumbe bado unalikumbuka fundo," nikamtania.

"Kunywa uji," akasema mama, na huo ndio uji uliokwenda kwenye kola.

Siku zile za mwanzo nilifurahi kama mwehu. Nilipiga mswaki nikajichoma pua. Nilifagia uwanja, takataka zikaja miguuni kwangu. Nilikuwa nimeazima vyuma viwili virefu kutoka chumba chetu cha mazoezi, nikatoboa matundu kwenye mfuniko wa ndoo, nikaweka simu ndani na taa yake ikiwaka, nikaiunganisha na televisheni ya mama. Ndani ya ndoo niliweka visosi viwili na maharage. Kazi ilikuwa kuhamisha harage kutoka kisosi hiki kwenda kile kwa chuma cha mkono wa kushoto, huku nikitazama televisheni. Harage lilionekana kubwa kama kiazi na chuma changu kililizunguka bila kulipata. Nikilipata, linaruka. Kuku walijua mapema faida ya masomo yangu, wakawa wanasubiri nifungue mfuniko.

Kisha tukaenda dukani mjini Kibondo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mwenye duka ni mzee wa Kiislamu ambaye watu wake walitoka upande wa Tanga, na mama amekuwa mteja wake tangu sijazaliwa. Alituwekea sukari na sabuni kwenye mfuko. Nikatoa noti nikamnyooshea, kwa mkono wa kushoto. Mzee akaurudisha mkono wake nyuma taratibu, akaniangalia, halafu akamwangalia mama.

"Mama Dokta, ndiye huyu mliyemsomesha?"

Mama yangu hasemi uongo. Akiazima kitu akakirudisha, hukuonyesha na mahali alipokikwaruza. Lakini niliona uso wake ukibadilika, na akasema haraka, "Mkono wa kulia ni mgonjwa, mzee."

Mzee wa watu aliingiwa na huruma pale pale. Akauona ukanda wa kitenge, akashika kichwa. "Pole, binti yangu! Pole sana! Mwenyezi Mungu akuondolee." Akachukua noti yangu kwa mikono miwili, akanitilia pakiti ya tende ya bure kwenye mfuko, akaniombea dua ndefu. Nilitamani ardhi inimeze, na wakati huohuo kicheko kilikuwa kinanipanda kifuani.

"Mama, umesema uongo," nikamwambia tulipotoka nje.

"Uongo gani? Si umefungwa? Mtu mzima hafungwi."

Dereva wa bodaboda aliyetubeba mimi na mama alikuwa amesimama karibu, akasikia. Sisi tulipitia sokoni kwanza. Tulipofika Murungu, habari ilikuwa imetutangulia, imekaa, imekunywa na maji.

Wa kwanza kuja alikuwa jirani yetu, mwanamke mnene mchangamfu, mke wa mzee wa kanisa, ambaye akikusalimia unaona kama umerudi kutoka kwa wafu. Alikuja na mkungu wa ndizi kichwani.

"Yoo! Mwana wanje! Mkono uliokuwa unapasua watu!"

"Mama, mkono ni mzima," nikamwambia. "Nimeufunga tu makusudi, ili huu wa kushoto ujifunze kazi."

Akanitazama kwa mapenzi makubwa, akanipapasa shavu. "Ego, ndiyo, mwanangu. Ndivyo anavyosema mtu mwenye imani."

Walikuja wengine, na maharage, na mayai, na samli ya kunichua. Waliketi, wakaguna, wakanyamaza, wakaguna tena. Wapo waliosema nimepooza, wapo waliosema nimerogwa huko Dar na wenye wivu. Kila nilipoeleza, walinitikisia kichwa kwa huruma zaidi. Ndoo yenye vyuma waliielewa mara moja bila msaada wangu: ni mashine ya hospitali, ya mazoezi ya waliopooza. Jirani, ambaye bega lake linamsumbua, akaomba naye ajaribu. Akashika chuma, akatazama televisheni, akalikimbiza harage huku akilitukana kwa Kiha, akapindua visosi vyote viwili, akasema bega limelegea kabisa. Tulicheka sote mpaka mama akatoka jikoni kuona kuna nini.

Nakumbuka mama alitoka jikoni na kurudi haraka. Siku zote hupika ameelekea ukutani, mgongo kwa mlango, na ukiingia ghafla huweka kisu chini. Tangu utotoni nilidhani ni moshi anaoukwepa.

Jumapili tukaenda kanisani. Nilikuwa nimepanga vizuri: mchungaji akiniita mbele, nitashika maiki na kueleza mambo yote kwa utaratibu, watu wacheke, tuimbe, twende nyumbani. Kweli akaniita. Ngoma zilikuwa zimepamba moto, akina mama wakanizunguka, wakaufungua ukanda wa kitenge wakiuombea, na mchungaji, kijana mwenye jasho na suti ya kijivu, akaomba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alipomaliza, akanitilia maiki mkononi niseme neno. Kwa kuwa ni mtu mwenye busara, aliitia katika mkono uliokuwa mzima, yaani wa kushoto.

Mkono wangu wa kushoto, kwa ujinga wake wote, ukaiachia. Maiki ikaanguka. Na mkono wa kulia, ambao hakuna aliyeuuliza, ukatoka, ukaidaka hewani.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Vigelegele vilipasuka, benchi moja likaanguka, wapiga ngoma wakasahau mapigo kila mmoja akapiga yake. "Imana ishimwe!" jirani alilia, Mungu asifiwe, akakaa chini sakafuni na miguu yake yote mbele. Mimi nilikuwa nimesimama na maiki mkononi, na kila nilipojaribu kusema nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitiririka, na waliponiona nalia kwa furaha namna ile, wakaanza upya. Mama alikuwa amefunika uso kwa kitambaa cha kichwa. Mabega yake yalitikisika, na hadi leo hajaniambia kama alikuwa anacheka au analia.

Furaha hiyo ilidumu mpaka jioni, ndipo nikaanza kuelewa nilichoponywa. Mtu aliyerudishiwa mkono na Mungu hawezi kuufunga tena kwa kitenge. Wala hawezi kutumia ule mwingine. Nilipotoka uwanjani na ufagio katika mkono wa kushoto, sauti zilitoka nyumba tatu: "Dokta! Mkono wako! Mshukuru Mungu kwa mkono wako!" Watu walileta watoto wachanga niwapakate kwa mkono wa kulia. Walinipa mwiko nisonge ugali wa muhogo wa arobaini ya msiba nyumba ya pili, wakasimama kutazama. Na kibaya kuliko vyote, nilipoingia ndani kutafuta ndoo yangu, haikuwepo.

Jirani alikuwa ameipeleka kanisani. Ilikuwa imewekwa mbele, karibu na mimbari, na vyuma vyangu vya kuazima vikiwa vimesimama ndani yake, ili iwe ushuhuda. Mtu aliyepona, akanieleza kwa upole, anafanya nini tena na mikongojo?

Hapo kicheko kiliniisha. Likizo ilikuwa inayoyoma, vyuma vilikuwa kanisani, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa bado hauwezi kushona hata kifungo. Nilikwenda jikoni na hasira zangu zote.

"Mama, hili umelianza wewe! Ungemwambia yule mzee ukweli dukani, leo ningekuwa nafanya mazoezi. Nitarudi Dar kushika kamera, unasikia? Nitawashikia wenzangu kamera, kisha nirudi huku kuandika karatasi, kwa sababu ya haya zako!"

Alikuwa anamenya ndizi, ameelekea ukutani. Hakugeuka. Aliacha nimalize, akaweka kisu chini, akasema, "Nimesikia." Nilijuta sauti yangu lakini sikuirudisha. Nilikwenda kukaa nje na kuku.

Katikati ya wiki kuna ibada ya shuhuda. Mama haendi mbele kanisani. Ni mtu wa benchi la nyuma, karibu na dirisha. Siku ile, mchungaji alipouliza nani ana neno, alisimama. Akapita katikati ya mabenchi, akanishika mkono njiani, tukasimama wote wawili mbele, karibu na ndoo yangu.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Ameni."

"Mkono wa kulia wa mwanangu haukuwa mgonjwa. Mimi ndiye niliyesema hivyo dukani, kwa haya. Mnisamehe."

Nilimwona mchungaji akikunja na kukunjua kitambaa chake cha jasho.

"Lakini msidhani mmeomba bure," mama akaendelea. "Kuna mkono uliokuwa mgonjwa. Ni huu." Akaunyanyua mkono wangu wa kushoto. "Huu Mungu alimpa, akazaliwa nao ukiwa na akili. Mimi nikaufunga. Alikuwa mtoto mdogo, analia, nikaufunga. Tulikuwa wakimbizi. Watu walikuwa wanatutazama hata tunavyokula. Nikasema wasije wakamtazama na hapo. Nilijua namna ya kuufunga, kwa sababu mama yangu alinifunga mimi."

Akaniachia. Akanyanyua mkono wake mwenyewe wa kushoto, juu, vidole vimeachana, vyeusi kwa utomvu wa ndizi.

"Na huu. Tangu nimeolewa namenya kwa huu, nimeelekea ukutani. Marehemu mume wangu hakujua. Mwanangu hakujua. Ninyi mmekula ndizi zangu misibani na harusini, na zote nimezimenya kwa mkono huu."

Nilimtazama mama yangu, mtu niliyedhani namjua. Niliuona mgongo ule wa jikoni, miaka yote ile, na nikataka kuketi chini kama jirani alivyoketi.

"Sasa huyu anakwenda kufanya mtihani," mama akasema. "Akishinda, atarudi kuwashona waume zenu na baba zenu wanaoficha mifuko ndani ya makoti. Mtihani ni wa mkono huu. Mimi naomba muuombee huu."

Nadhani hata mchungaji hakuwa amefundishwa la kufanya mahali kama pale. Akauweka mkono wake wa kulia mfukoni, nakumbuka hilo vizuri, akasema, "Basi, kanisa, tunyooshe mikono ya kushoto."

Wakanyoosha. Mikono ambayo haijawahi kunyooshwa mbele za Mungu ikapanda juu, mingine na saa, mingine na pete, mingine na makovu ya jembe. Jirani alinyoosha wa kulia kwa mazoea, wa pembeni akamgonga kiwiko, akabadili huku akicheka, na kicheko kikatembea benchi hadi benchi. Nimeombewa mara nyingi maishani mwangu. Sijawahi kuombewa na watu wanaocheka vile. Mpiga ngoma mmoja akapaza sauti kwamba yeye pia ni wa kushoto, na ndiyo maana siku zote anaambiwa anapiga nyuma mbele, basi leo waache apige anavyojua. Alipiga. Tulicheza mpaka vumbi likaingia puani.

Ndoo ilirudi nyumbani kichwani kwa jirani, yeye mwenyewe akiibeba. Siku zilizobaki nilikaa nayo uwanjani mchana kweupe, mkono wa kulia kiunoni, na wapita njia wakanisalimia kwa kunipungia wa kushoto, wakifurahia utundu wao kama watoto. Nilipoweza maharage, mama alininunulia utumbo wa mbuzi kwa mchinjaji, nikaufungua wa kulia usaidie, nikaanza kushona. Mama alitoa kigoda chake jikoni, akakiweka kando yangu, akamenya ndizi kwa mkono wake, ameelekea njia. Alimenya haraka kuliko nilivyowahi kumwona mtu akimenya. Maganda yalimtoka kisuni marefu, mazima, na kila lililotoka zima alilinyanyua juu nilione.

"Angalia kazi yako," akanikaripia, kwa sababu nilikuwa namtazama yeye.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa kauli moja. Nilipofika Dar aliniwekea kibofu cha mbuzi ndani ya boksi la mazoezi, akaweka kiti, akaketi. Nilishona nusu ya kulia, nikapumua, nikapeleka sindano upande wa pili. Mkono wa kushoto niliuangalia kwenye mshono wa kwanza tu. Baada ya hapo niliacha kuufikiria. Nilifikiria maganda ya ndizi. Nilipokata uzi, mwalimu alikitoa kibofu, akakijaza maji kwa bomba la sindano mpaka kikavimba, akakiweka juu ya karatasi kavu. Akakibinya. Akakibinya tena, kwa nguvu za mtu anayetaka kuona kitu. Karatasi ilibaki kavu. Wenzangu walikuwa wamesimama ukutani wakiitazama.

Akavua miwani, akanitazama.

"Daktari, huu wa kushoto umeuazima kwa nani?"

"Kwa mama yangu," nikasema.

Alitaka kucheka, akaniona uso, akaacha. Akaichukua kamera iliyokuwa karibu nami, akampa mwenzangu.

Nilitoka nje nikakimbia korido nzima na viatu vyangu vya mpira. Nilipiga simu Kasulu kwanza, nikawaomba wamwambie yule mzee wa koti kwamba mikono inakuja, yote miwili, na aache kunisubiri, aje Dar sasa hivi ataikuta. Kisha nikampigia mama. Nilisikia kuku, na redio ya mtu, na sauti za wanawake wengi.

"Kimevuja?" akauliza, bila salamu.

"Hakijavuja, mama! Hata tone!"

Alipiga kigelegele kikaniumiza sikio, na wale waliokuwa naye wakakidaka bila kujua ni cha nini. Nilikuwa nalia na kucheka katikati ya korido, na wauguzi wakinipita pembeni.

"Ngoja, mwana wanje, usikate," akasema. "Simu inaniteleza, mkono una utomvu. Namenya ndizi za msiba, tuko uwanjani kwa jirani."

"Unamenya kwa mkono upi?"

"Sasa unauliza nini?" akasema mama, kwa sauti kubwa, ili na wenzake wasikie. "Watu wote hawa wananiona."